Pingili za chumvi: nilivyojifunza kuutambua mmea wa jangwa la pwani

Nilipofungua kibanio cha kukaushia mimea siku ya sita, mmea haukuwepo. Katikati ya kurasa za gazeti palikuwa na punje kama shanga, kijani kilichofifia, kila moja peke yake, na karatasi ilikuwa mbichi kana kwamba imetoka kuloweshwa. Nilikuwa nimeweka tawi zima lenye vitawi zaidi ya ishirini. Viungo vyote vilikuwa vimeachana. Nilizikusanya zile pingili kwenye kiganja, nikatia moja mdomoni bila kufikiri. Chumvi tupu.

Nafundisha baiolojia katika sekondari moja ya pwani ya Mkinga, kaskazini ya mji wa Tanga, na huko huko ndiko nilikokulia. Sisi watu wa huku tukisema jangwa hatusemi Sahara. Jangwa ni ule uwanja mweupe nyuma ya mikoko, unaofikiwa na maji ya bamvua tu, yale yanayojaa kuliko siku nyingine, kisha jua linaukausha siku kadhaa mpaka tope linaota ganda la chumvi linalovunjika chini ya mguu. Ukitoka baharini unakutana na mlilana kwanza, halafu mkoko wenyewe wenye mizizi kama magongo, halafu mkandaa, na nyuma kabisa michu iliyodumaa, mingine haifiki kiunoni. Ukiipita hiyo michu umefika jangwani. Hapo hauoti mhogo, hauoti mnazi, hata nyasi zinachagua pa kushika. Lakini kuna mmea mmoja usio na majani, mashina yake ya kijani yamejaa maji na yamekatika pingili pingili kama muwa mdogo sana, na huo umejitandaza kama hauna shida yoyote.

Nimeupita mmea huo maisha yangu yote, sikuwahi kuuliza jina lake. Niliulizwa mimi.

Kuna kikundi cha akina mama wanaochemsha chumvi pale pwani. Siku moja mmoja wao alitumiwa video kwenye simu ikionyesha shamba kubwa linalomwagiliwa maji ya bahari, na mbegu za mmea ule zikikamuliwa mafuta ya kupikia. Mmea wa kwenye video ulikuwa hauna majani, una mashina ya kijani yenye pingili. Wakaja shuleni watatu, simu mkononi. "Mwalimu, huu si ule wetu wa jangwani?"

Nilikwenda nao, nikaupiga picha, nikaipeleka kwenye programu ya kutambua mimea iliyomo kwenye simu yangu. Ikajibu Salicornia. Nikawaambia ndiyo, ndio wenyewe. Baada ya wiki mbili nikasikia wameanza kuchangishana fedha za kununua kinu cha kukamulia mafuta.

Nilipata joto la ghafla mwilini. Ni watu wanaouza chumvi kwa kopo. Fedha hizo zilikuwa zinatolewa kwa neno langu, na neno langu lilitegemea picha moja ya simu isiyoonyesha ua, mbegu wala mzizi. Nikawaomba wasubiri, nikaanza kazi ambayo nilipaswa kuianza kabla sijafungua mdomo.

Kwanza nilitafuta ule mmea wa kwenye video ni upi hasa. Ni Salicornia bigelovii, asili yake pwani za Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1991 watafiti walichapisha matokeo ya miaka 6 ya kuulima kwa maji ya bahari katika jangwa la pwani ya Sonora, Mexico: kila mita ya mraba ilitoa mbegu kiasi cha gramu 200, na ndani ya mbegu hizo mafuta yalikuwa kati ya asilimia 26 na 33. Baadaye ukaletwa hata upande wetu wa Afrika, Massawa, Eritrea, katika shamba la maji ya bahari lililochanganya kamba, mikoko na mmea huo. Kwa hiyo video haikuwa ya uongo. Swali lilikuwa kama huu uliopo jangwani kwetu ndio ule. Hesabu ya Sonora ni ya mmea wa Sonora. Huwezi kuazima mavuno ya mmea mwingine kwa sababu sura zinafanana, kama usivyoweza kuazima maziwa ya ng'ombe wa jirani kwa sababu na wako ana madoa.

Na kufanana huko kuna sababu yake. Chumvi ikizidi kwenye udongo, mzizi wa mmea wa kawaida haupati maji hata kama umesimama ndani ya maji, na ile chumvi inayoingia inaivuruga seli. Mpunga huanza kuumia kwa chumvi ndogo sana. Watafiti wengi huuhesabu mmea kuwa wa chumvi ukiweza kuota, kuchanua na kuzaa mbegu mahali penye karibu gramu 12 za chumvi ya mezani katika lita moja ya maji, na mimea inayoweza hivyo haifiki hata mmoja katika kila mia duniani. Maji ya bahari yana kiasi cha gramu 35 za chumvi kwa lita. Kila mmea wa pwani umepata hila yake. Mkoko huizuia chumvi nyingi kwenye mizizi. Mchu huinywa kisha huitoa juu ya majani. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunayalamba majani ya mchu tukitoka kuvua kaa, na ulimi unahisi punje zenyewe. Huu wa jangwani unaifungia chumvi ndani, kwenye vakuoli, kile chumba kikubwa kilicho katikati ya seli, na kuvuta maji mengi ya kuizimua. Ndiyo maana umenenepa. Majani yamepungua mpaka yamekuwa gamba linalolivika shina, na unachokiona kama pingili ni jozi ya majani yaliyoungana yakalikumbatia shina. Mimea mingi ya ukoo huo imepita njia hiyo hiyo, kwa hiyo kwa mbali yote ina sura moja. Anayeitambua kwa sura lazima impoteze.

Mimi nilipotea mara mbili.

Mara ya kwanza ni hiyo ya kibanio. Mmea wa aina hii haufi ukiubana katikati ya magazeti. Unaendelea kuishi kwa maji yake mwenyewe siku nyingi, unajaribu hata kukua gizani, na ukikaribia kukauka viungo vinaachiana. Chumvi nayo inavuta unyevu wa hewani na kuilowesha karatasi upya kila usiku, hasa kwetu ambako hewa ya bahari haikauki. Baadaye nilionyeshwa kuwa lazima uuue kwanza: unachovya tawi kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, unalifuta, ndipo unabana, na gazeti unabadilisha kila siku, asubuhi na jioni ukiweza. Pingili zitakazodondoka, maana chache zitadondoka tu, unaziweka kwenye bahasha ndogo inayobaki na sampuli. Na vitawi viwili vitatu vyenye maua unavitia kwenye chupa ya spiriti, kwa sababu ua lililobanwa likakauka halisomeki tena.

Mara ya pili ilikuwa rangi. Nilirudi jangwani wakati wa kiangazi nikakuta mimea mingine ya kijani na mingine nyekundu kama damu ya mzee, imechanganyika. Nikafurahi: nimepata aina mbili! Nikakata za kijani nikazipa namba, nikakata nyekundu nikazipa namba nyingine, nikaandika kabisa kwenye daftari "spishi A" na "spishi B".

Nilikuwa bado nimeinama pale alipopita bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani, mchemsha chumvi wa siku nyingi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Jua lote hili unatafuta nini kwenye tope?"

Nikamweleza, nikamwonyesha matawi mawili, jekundu na la kijani. Akatua mzigo. Akayachukua, akayatazama kidogo tu, akanirudishia.

"Hili na hili ni moja. Hili jekundu limepigwa na jua, basi. Hebu ling'oe."

Nikalishika kichaka chekundu karibu na ardhi nikavuta. Hakikutikisika. Nikafukua kwa kisu: chini kulikuwa na shina gumu, la mti kabisa, nene kama kidole gumba, lina magome ya kijivu, limelala na kujikita tope zima lile. Bibi akanishika mkono, akanipeleka hatua kama thelathini kuelekea mkondo, mahali ambapo tope halikauki sana. Palikuwa na vijimmea vya kijani vilivyosimama wima, pingili vilevile, sura ileile. Akakichomoa kimoja kwa vidole viwili. Kilitoka chote, na kamzizi kake kafupi, laini.

"Hili ndilo jingine. Hili huja na mvua ya masika, kaskazi ikipiga limeshakufa. Lile la kule lipo tangu sijaolewa."

Nilisimama pale nikiwa na shahada yangu ya ualimu wa sayansi, na kitabu cha ufunguo wa utambuzi, kile kinachokuuliza swali baada ya swali mpaka ufike kwenye jina la mmea, kipo nyumbani mezani, na swali la kwanza kabisa la ufunguo ule, ambalo nililiruka kwa sababu nilidhani nalijua jibu lake, ni hilo hilo: mmea ni wa kudumu wenye msingi wa mti, au ni wa mwaka mmoja? Nilikuwa nimekata ncha tu, kama mtu anayechuma mboga. Ncha hazisemi umri.

Hiyo rangi nyekundu inatokana na rangi asilia za jamii ya betalaini, zilezile zinazoipa mchicha mwekundu rangi yake, na si ajabu, kwa kuwa mimea hii na mchicha siku hizi imewekwa katika familia moja, Amaranthaceae. Chumvi ikizidi na jua likiwa kali mmea unajaa rangi hiyo. Mvua ikinyesha unarudi kijani. Nilikifunga kitambaa kichaka kimoja, nikakifuatilia mpaka masika: kilekile kilichokuwa "spishi B" kikawa "spishi A". Nikachana ukurasa ule wa daftari, kisha nikajuta nikaubandika tena, kwa sababu kosa lililoandikwa tarehe nalo ni kumbukumbu.

Sitaki nionekane nasema wazee wanajua kila kitu. Bibi huyohuyo mmea usiompa kitu hakuwa na habari nao sana. Alichokijua barabara ni vile vinavyoingia kwenye kazi yake. Lile la majani manene yanayotambaa mchangani, lenye ua dogo la waridi kama nyota, alilitenga na haya mara moja kwa kuwa anakula: analiita mboga ya pwani, analichemsha, anamwaga maji ya kwanza ili chumvi itoke, ndipo anaunga kwa nazi. Hilo ni Sesuvium portulacastrum, na hata Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, alilibadilishia jina mwenyewe, mwaka 1753 akaliweka kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Portulaca, mwaka 1759 akalihamishia Sesuvium. Hilo halikunisumbua kwa kuwa lina majani na ua la kuonekana. Shida yangu ilikuwa mimea miwili isiyo na kimoja wala kingine.

Kusema haina maua ni kosa, lakini usipoambiwa uangalie hutayaona. Ncha za matawi hunenepa kidogo na pingili zinakuwa fupi fupi, zimebanana kama mkufu. Niliweka ncha moja ya mmea wa kudumu chini ya taa ya mezani, nikashika lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, nikaileta karibu na jicho mpaka kope zikagusa kioo. Kwenye ukingo wa pingili, mahali panapoonekana kama mstari tu, kulikuwa na upenyo, na kwenye upenyo kumechungulia vitu vitatu vya manjano vidogo kuliko kichwa cha pini. Ni stameni, sehemu za kiume za ua. Kila ua linatoa moja, na maua yamekaa matatu matatu kila upande wa pingili, yamezama ndani kama watoto waliojifunika shuka moja. Hayana petali. Chavua yao inachukuliwa na upepo, kwa hiyo hayana haja ya kumpendeza mdudu.

Kisha nikachukua ncha ya ule mmea mdogo wa mkondoni. Nao maua ni matatu matatu, lakini la katikati limekaa juu kuliko ya pembeni, kama mafiga. Nikachukua sindano, nikayachokoa taratibu. Ya mmea mdogo yalitoka moja moja, na kila moja likaacha kishimo chake, na kati ya kishimo na kishimo kuna ukuta mwembamba. Ya mmea wa kudumu hayakutoka hivyo. Yalikuwa yameshikamana, sindano iliyang'oa yote matatu kama donge moja, na nyuma yake kukabaki shimo moja lisilogawanyika. Nilirudia kwa ncha kumi na mbili za kila mmea kabla sijaamini. Usiku ule sikulala mapema.

Mbegu nilizingoja miezi. Za mmea mdogo, chini ya lenzi, zimevaa vinyweleo vifupi vilivyopinda, ukizigusa kwa kidole chenye unyevu zinang'ang'ania. Za mmea wa kudumu hazina vinyweleo hivyo. Nilizikata kwa wembe nikadondoshea iodini ya maabara ya shule, ileile ninayowaonyeshea kidato cha pili wanga kwenye kiazi. Mbegu ya mmea wa kudumu ikapata doa jeusi la buluu: ina akiba ya wanga pembeni mwa kiinitete. Ile nyingine haikupata doa. Kiinitete kimekunjwa na kuijaza mbegu yote. Wanafunzi wangu wanne walikuwa wamesimama nyuma yangu wakishindania lenzi, na mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe ni ndugu tu, si pacha." Nimeyatumia maneno hayo darasani tangu siku ile.

Ule mdogo ni Salicornia kweli. Kwa masuke yake manene na mahali ulipo unakubaliana na Salicornia pachystachya, unaojulikana pwani ya Afrika Mashariki, na jina lenyewe kwa Kigiriki maana yake ni suke nene. Ule wa kudumu, uliotawala jangwa zima, ule niliowaambia akina mama kuwa ndio wa mafuta, ni mwingine kabisa. Na hapo nikaingia kwenye fumbo la majina.

Kitabu kimoja cha zamani kiliuita Arthrocnemum indicum. Makala nyingine ikauita Halosarcia indica. Orodha ya kwenye intaneti, Tecticornia indica. Kwa wiki nzima niliamini nina wagombea watatu na lazima niwapige mchujo. Nilipata ruhusa ya kuingia kwenye hebaria, nyumba ya mimea mikavu, na hapo ndipo nilipofumbuliwa macho. Kwenye karatasi za sampuli za zamani hawafuti jina la kwanza. Mtaalamu anayebadilisha jina anabandika kipande kidogo cha karatasi chenye jina jipya, sahihi na tarehe, na la zamani linabaki palepale. Ukiisoma karatasi kutoka kipande kimoja hadi kingine, unasoma mabishano ya vizazi.

Wa kwanza kuuandika kisayansi alikuwa Willdenow, Mjerumani, mwaka 1799, kwa sampuli ya India. Ndiyo maana ya "indica". Naye aliuita Salicornia, pembe ya chumvi. Yaani kosa langu la simu lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 200, na lilifanywa kwanza na mtu aliyejua mimea kuliko mimi. Mwaka 1840 Moquin-Tandon akautoa huko, akauweka Arthrocnemum, jina linalounganisha "kiungo" na "muundi", na kweli ukiutazama umekaa kama miundi mingi iliyoungwa. Mwaka 1980 Paul G. Wilson wa Australia akaanzisha Halosarcia, nyama ya chumvi. Mwaka 2007 yeye na Kelly Shepherd wakaiunganisha jenasi hiyo na nyingine kuwa Tecticornia moja, baada ya vinasaba kuonyesha kuwa mipaka ya zamani haikusimama. Jamaa wengi wa Tecticornia wako Australia. Huu wetu ndio umesambaa kuliko wengine, kutoka pwani ya Afrika kupitia India mpaka huko. Nilipoelewa hilo nilitoka nje ya jengo nikakaa kwenye ngazi. Mmea ninaoukanyaga tangu utotoni una ndugu zake ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na sisi tulikuwa tunauona kama uchafu wa jangwani.

Kuna jambo jingine linaloutenga. Wengi wa jamaa zake wasio na majani wanatumia njia ya kawaida ya usanisinuru. Huu ni mmoja wa wachache mno kati yao wanaotumia njia ya C4, ile ya mahindi, mtama na muwa, inayosaidia mmea kutumia maji kwa uchache penye jua kali. Ukitazama kimo na rangi huwezi kujua hilo. Seli za ndani ya pingili ndizo zinazolisema.

Kitu kimoja kiliniuma pale hebaria. Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na ikakamilika mwaka 2012, spishi zaidi ya 12,000. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, mwaka 1902, katika milima ya Usambara ambayo siku isiyo na mawingu tunaiona tukiwa baharini, kabla ya kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Yote hayo yamefanyika mlangoni kwetu, na mtoto wa pwani anaweza kumaliza kidato cha sita bila kushika sampuli moja ya mmea wa kijijini kwake. Mimi nilimaliza hivyo. Nimeamua wanafunzi wangu wasimalize hivyo, na ninasema hili nikimaanisha: kila kidato cha tatu sasa kinakwenda jangwani na vibanio vya mbao za mabox, wanang'oa, hawakati ncha.

Ilibaki kuwaambia akina mama. Tulikaa chini ya mkungu, nikaweka mimea miwili juu ya mkeka, pamoja na lenzi. Sikuanza na majina. Nilianza na kuomba radhi, kwa kuwa niliwajibu haraka na fedha zao zilikuwa njiani kwenda kwenye kinu. Nikawaeleza kuwa mmea mkubwa si ule wa video. Haina maana kuwa mbegu zake hazina mafuta hata tone. Maana yake ni kwamba vipimo vile si vyake, na hatuwezi kununua mashine kwa vipimo vya mwingine. Kimya kikawa kirefu. Kisha mweka hazina akauliza, "Na huu mdogo?"

Huu mdogo, nikasema, ni wa jenasi moja na ule wa video lakini si spishi moja. Wa Mexico umechaguliwa na kulimwa. Huu ni wa porini, hakuna aliyeupima hapa kwetu. Tuupime sisi. Tukachomeka vijiti vinne kuzunguka mita moja ya mraba karibu na mkondo, tukangoja. Zilipokomaa tukavuna vyote vilivyokuwa ndani ya vijiti, tukavianika juu ya shuka, tukapigapiga na kupepeta. Mbegu zilijaza kisoda kimoja na nusu. Mweka hazina alizimimina kwenye kiganja, akazitazama muda, akasema, "Basi tuendelee na chumvi." Michango ikarudishwa kwa kila aliyetoa, daftari likasainiwa, na mmoja tu ndiye aliyenifuata baadaye kuniuliza kama anaweza kuendelea kukusanya mbegu zile kila mwaka, achague za mimea mikubwa azipande pembeni ya mkondo aone. Nikamwambia aanze. Yuko mwaka wa pili sasa.

Sampuli ya pili ya mmea wa kudumu ilikauka vizuri. Nimeichovya, nimeibana, nimeibadilishia magazeti siku kumi na moja, na bahasha yake ya pingili ina punje nne tu. Lebo niliandika kwa Kiswahili, na hebaria wakaipokea hivyohivyo:

"Tecticornia indica. Mkoa wa Tanga, wilaya ya Mkinga. Jangwa nyuma ya michu, hufikiwa na maji ya bamvua. Kichaka cha kudumu, kimo chini ya goti. Shina la chini ni gumu, limelala. Pingili kijani, nyekundu wakati wa kiangazi. Maua matatu matatu, yameshikamana. Aliyenionyesha: mchemsha chumvi wa kijiji hicho. Anasema ulikuwepo hapo tangu hajaolewa."